TIKETI HAICHANWI, HELA ZINAKWENDA WAPI?

Msomaji, kama umewahi kwenda mpirani katika kanda yetu hii ya dhahabu na hukuona hili ninalotaka kulisema, basi siku hiyo ulikuwa umelewa, au wewe ndiye mlaji mwenyewe.

Msimu mmoja tulitoka hapa Bugarama vijana sita. Tukabadilisha gari Kahama, tukafika kwenye uwanja mmoja wa Kanda ya Ziwa ambao sitautaja. Tukakata tiketi dirishani, kila mtu na yake. Getini amesimama mzee na koti lake, mfuko umetuna. Tukamkabidhi tiketi, tukangoja azichane aturudishie vipande. Wapi! "Pita dogo, pita, mpira unaanza." Tiketi sita zikazama kwenye koti, nzima kama zilivyotoka mtamboni.

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Haikupita robo saa, akaja kijana, akanong'ona na mzee, akatoka na bunda. Huko nje tiketi zetu zikauzwa upya. Tuliingia sita, na wengine sita wakaingia kwa tiketi zile zile, lakini kwenye vitabu vya mhasibu walioingia ni sita. Nusu ya hela imeliwa na mpira haujaanza! Hapo sijagusa wale waliompa mzee hela mkononi bila karatasi yo yote. Ndiyo maana unakuta jukwaa limefurika, watu wameparamia hadi miti, lakini mapato yakitangazwa utadhani walikuja wazazi wa wachezaji tu.

Dawa ipo, wala si ya mganga. Kila tiketi inachapwa namba yake ya peke yake, imefichwa kwenye ile mistari myeusi au kile kisanduku cha madoadoa ambacho siku hizi hata muuza chipsi anacho mezani kwa ajili ya malipo ya simu. Getini anakaa mtu na mashine ya mkononi, isiyo na waya, ukubwa wake kama simu. Anaimulika tiketi, na mashine inaiuliza kompyuta yenye orodha yote: hii imeuzwa? Mwenyewe ameshaingia? Jibu linarudi kabla hujameza mate. Kijani, pita. Tiketi hiyo ikirudi mara ya pili ni nyekundu, hata aje nayo mwenyekiti wa chama cha mpira. Na kwa kuwa mageti yote yanaongea na kompyuta moja, huwezi kuiingiza mashariki ukairudisha magharibi. Koti la mzee linabaki kuwa koti.

Kuna watakaosema mtandao wa huku wingu likitanda tu unazimia. Kweli. Lakini mashine hizi hazilazimiki kutegemea mnara wa simu. Orodha ya tiketi inapakiwa asubuhi kwenye kompyuta ndogo iliyo pale pale uwanjani, na mashine zinazungumza nayo kwa mawimbi ya karibu, mnara uwepo usiwepo. Mlalahoi asiye na simu kubwa anakata karatasi yake kwa wakala kama anavyonunua umeme. Kijana aliyewahi kubeba kadi ya geti kwenye mgodi mkubwa hawezi kudanganywa kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Dhahabu yetu inalindwa kwa elektroniki, kiingilio chetu kinalindwa na koti!

Tena nchi hii si mgeni wa jambo hili. Mwaka 2014 TFF na benki ya CRDB walijaribu tiketi za elektroniki kwenye Ligi Kuu, mpango ukafa kibudu. Mwaka 2016 ukafungwa mfumo mwingine Uwanja wa Taifa. Oktoba 1 mwaka huo Simba na Yanga wakatoka 1-1 pale, viti viking'olewa, na serikali ikazipiga marufuku timu zote mbili uwanjani hapo. Mashine inahesabu vichwa, haitulizi vichwa. Baadaye ikaja N-Card, ile ile ya kivuko cha Kigamboni. Dar es Salaam wamejaribu mara tatu. Huku kwetu je?

Wala si suala la hela peke yake. Oktoba 23, 2010, mashabiki saba walikufa kwenye msukumano uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mei 28, 2023, Yanga wakicheza fainali na USM Alger, mtu alikufa kwenye msukumano Uwanja wa Mkapa. Agosti 2025, kwenye CHAN, watu wasio na tiketi walivamia Kasarani, na CAF ikawapunguzia Wakenya idadi ya watazamaji hadi 27,000. Tiketi moja ikiingiza watu wawili, hakuna ofisa wa polisi anayejua ndani wako wangapi. Uwanja unajaa mara mbili wakati karatasi zinasema bado kuna nafasi. Anayekufa hapo si wa jukwaa kuu. Ni mimi na wewe, tuliobanwa kwenye geti la mzunguko.

Timu zetu nazo? Stand United ilishuka 2019, Mwadui 2021, Geita Gold 2024. Sisemi koti la mzee ndilo lililowashusha, maana kushuka kuna sababu nyingi. Nasema timu isiyojua imeingiza watu wangapi haiwezi kumwambia mfadhili ina mashabiki wangapi. Itabaki ombaomba mlangoni kwa mgodi.

Sasa hapa ndipo wakubwa hawapendi tufike. Viwanja vingi vya mikoani, Kambarage ya Shinyanga na Kirumba ya Mwanza vikiwamo, ni mali ya CCM. Vingi vilijengwa enzi za chama kimoja, wananchi wote wakichangishwa, na vyama vingi viliporudi 1992 vikabaki mkono ule ule. Mwenye uwanja ndiye mwenye geti. Kwa hiyo mashine tu haitoshi. Nani atashika kompyuta? Kama ni mhasibu wa klabu na mpwa wake, tumebadilisha koti tu. Hesabu iwe wazi: kufika mapumziko, ubao uandikwe wameingia wangapi na zimepatikana shilingi ngapi, kila jukwaa lisome. Na tiketi isitake jina langu. Kuangalia mpira si kesi, hakuna sababu ya mtu kujua nilikaa wapi na nani.

Wiki iliyopita kijiweni tulimbana mwanakamati mmoja wa kombe la hapa kwetu. Tukamwambia vijana tunazo simu, programu ya kusoma tiketi tutaitafuta wenyewe, mageti ya uwanja ni mawili tu. Simu mbili zinatosha. Akasema mashine zitaua mpira.

"Mpira wa nani, mzee?"

Akaagiza soda, akaanza kuuliza habari za mvua.