Dawa za akili si peremende: Umeandikiwa, lakini nani anakufuatilia?

Simama nje ya duka la dawa lolote mtaani kwenu saa mbili usiku, watu wakishuka matatu kutoka kazini. Kijana anaingia, anatoa simu, anaonyesha picha ya karatasi ya hospitali iliyopigwa kitambo, hata tarehe haisomeki vizuri. Yule wa kaunta, ambaye sote tunamwita "daktari" hata kama hatujui alisomea nini, anaivuta ile picha kwa vidole viwili, anahesabu tembe, anazifunga kwa karatasi ya kaki, M-Pesa inalia, basi. Hakuna aliyeuliza: unalala? Umenenepa? Mara ya mwisho kupimwa damu ni lini?

Kama ni Panadol, sina neno. Lakini siku hizi utasikia watu wakiagiza dawa za usingizi, za msongo wa mawazo, za baipola, kwa sauti ile ile ya kuagiza mkate na maziwa. Na hapo ndipo nataka tuongee, mimi na wewe.

Nianze kwa kukubali kwamba mambo yamebadilika, na mengine yamebadilika vizuri. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kifungu hicho ndicho kilichofanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Yaani ulikuwa unatolewa wodini ukiwa na pingu. Kabla ya hapo, mwaka wa 2020, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilikuwa limependekeza afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho, ikaandika waziwazi haki za mgonjwa. Na sisi wenyewe tumeanza kuongea. Miaka kumi iliyopita ungemwambia nani kwamba unameza tembe za kichwa? Leo watu wanaandika kwenye X bila aibu.

Kwa hivyo wengi wanaenda kliniki. Safi. Swali langu ni kile kinachofuata ukishapewa ile karatasi.

Mimi si daktari. Hata chuo niliacha mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa ya udaktari. Lakini nina binamu, tumuite hivyo tu, ambaye ana baipola. Aliandikiwa lithiamu katika kliniki moja ya umma. Nilimsindikiza mara kadhaa kwa hivyo naijua foleni: unafika saa kumi na mbili asubuhi, unaonana na daktari saa sita mchana, unakaa naye dakika nne. "Unaendelea aje?" "Sawa." Anaandika "endelea na dawa", anagonga muhuri, ukutane naye baada ya mwezi. Sikulaumu yule daktari, nje kulikuwa na watu wengine sitini wakimngoja. Lakini kwa karibu mwaka mzima hakuna aliyemtuma binamu yangu kupima damu.

Sasa sikiliza jinsi lithiamu inavyofanya kazi, ndipo uelewe kwa nini hilo lilinitia baridi nilipokuja kujua. Ni dawa nzuri sana. Imetumika zaidi ya miaka 70 na imewarudisha watu wengi kwenye maisha yao. Tatizo lake ni kwamba nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachotia sumu ni nyembamba mno. Kwa kawaida madaktari wanataka kiwango chake katika damu kiwe kama 0.6 hadi 1.0. Kikipita 1.5 ni sumu. Ndiyo maana kuna kipimo maalum cha damu, kinachochukuliwa saa 12 baada ya kumeza tembe ya mwisho. Mwanzoni unapimwa kila wiki hadi kiwango kitulie, kisha kila baada ya miezi kadhaa. Figo na tezi ya shingo nazo huangaliwa kila miezi sita hivi, kwa sababu lithiamu inaweza kuzivuruga polepole bila wewe kuhisi kitu.

Binamu yangu aliumwa na mgongo. Anafanya kazi ya kubeba mizigo, si ajabu. Akaenda kwa "daktari" wa kaunta, akapewa Brufen. Hakuulizwa anameza dawa gani nyingine, naye hakujua anafaa kusema. Brufen na ndugu zake kama diklofenaki huzuia figo kuondoa lithiamu mwilini, hivyo kiwango kinapanda. Ongeza jua la Februari na kutokunywa maji. Siku ya nne mikono ilikuwa inatetemeka, anatapika, anaharisha, anatembea kama mtu aliyetoka klabu. Majirani wa ploti walisema amelewa. Mmoja akasema ni ugonjwa wake umerudi, aongezewe dawa. Fikiria hapo: aongezewe!

Alilazwa, akawekewa maji, akapona. Ni wodini ndipo nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba kumbe kuna kipimo.

Usije ukadhani hii ni habari ya lithiamu peke yake. Chukua haloperidoli, sindano au tembe ambayo hupewa mtu akiwa amechanganyikiwa vibaya. Ndani ya saa au siku chache, baadhi ya watu, hasa wanaume vijana, hukazwa misuli. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanageuka juu yanabaki huko, taya linafungana. Mgonjwa ana akili timamu wakati huo na anaogopa kufa. Hospitalini dawa ya kulegeza misuli ikidungwa, hali hutulia haraka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Sasa weka hilo tukio nyumbani, saa tano usiku, kwa mama ambaye hakuambiwa chochote. Ataita nani? Ataita mchungaji. Na ukimwona mtu akiwa hivyo, niamini, hata wewe unayejiita msomi utawaza mapepo. Kesho yake zile tembe zote zinaenda chooni na mgonjwa hatarudi kliniki tena. Maneno mawili tu ya onyo siku ya kwanza yangezuia hayo yote.

Na hapa kuna kichekesho kichungu. Moja ya tembe zinazotuliza hiyo mikazo ni Artane. Tembe hiyo hiyo huuzwa mtaani kwa wanaotaka kulewa. Sawa na zile za jamii ya Valium, ambazo wengine wanaziita bugizi, na nyingine hutiwa kwenye vinywaji ili watu waibiwe, ile mambo ya mchele. Kwa hivyo mgonjwa halali anaweza kuambiwa "hatuuzi hiyo hapa" huku dawa za aina hiyo zikipatikana hatua chache nje ya duka, kwa mtu asiye na cheti wala anwani. Bodi ya Dawa na Sumu ina sheria. Dawa hizi zinafaa kuuzwa kwa karatasi ya daktari tu. Kwa kaunta ya mtaani, sheria hiyo wewe mwenyewe unaijua inavyofuatwa.

Zile za jamii ya Valium zinanitia wasiwasi kuliko zote kwa rika letu. Mtu amefutwa kazi, halali, rafiki anampa kipande cha tembe. Analala kama mtoto. Wiki ya pili anatafuta zake. Wataalamu wanasema zisitumiwe zaidi ya wiki mbili hadi nne, kwa sababu mwili unazizoea. Ukishazoea halafu uache ghafla, unaweza kupata kifafa. Ukizichanganya na pombe, pumzi inaweza kuzimika usingizini. Na wikendi yetu bila pombe ni wikendi gani?

Halafu kuna hizi za msongo wa mawazo, kama fluoksetini. Hapa natembea kwa uangalifu kwa sababu sitaki mtu aache dawa yake eti kwa kuwa alisoma kitu mtandaoni. Dawa hizi husaidia watu wengi. Lakini huchukua wiki mbili, nne, wakati mwingine sita kabla ujisikie vizuri. Na mwaka wa 2004 FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, iliagiza pakiti zake ziwe na onyo kali: kwa watoto na vijana, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa matibabu. Mwaka wa 2007 onyo hilo likaongezwa hadi umri wa miaka 24. Soma tena huo umri. Ni wewe huyo, unayesoma haya ukiwa umesimama kwenye matatu. Onyo halikusema msipewe. Lilisema mfuatiliwe kwa karibu, hasa wiki za kwanza na kila kipimo kinapobadilishwa. Sasa mtu wa miaka 21 anapewa tembe za siku 30 na kuambiwa "tuonane mwezi ujao". Wiki ya pili, ambayo ndiyo mbaya, anaonana na nani?

Kwa wasichana, kuna moja ambayo lazima niitaje kwa jina: valproeti, ambayo wengi wanaijua kama Epilim. Hutumika kwa kifafa na pia kwa baipola. Mama mjamzito akiitumia, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za kimaumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Uingereza tangu 2018 hairuhusu mwanamke anayeweza kushika mimba aandikiwe bila mpango maalum wa kuzuia ujauzito. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2023 lilisema wanawake na wasichana wa umri huo wasiandikiwe, kwa sababu ya hatari hiyo. Kama unaitumia, tafadhali usiitupe leo usiku. Kuiacha ghafla kuna hatari yake. Nenda umuulize daktari wako swali moja: je, kuna nyingine inayonifaa? Usingoje hadi utakapokosa siku zako.

Kuna watakaosema mimi nataka mambo ya ulaya. Basi hebu tuangalie huko huko. Klozapini ni dawa ya skizofrenia inayofanya kazi pale nyingine zimeshindwa. Mwaka wa 1975 huko Finland wagonjwa 8 walikufa kwa sababu dawa hiyo ilikuwa imeua chembe nyeupe za damu zao. Ikaondolewa sokoni katika nchi nyingi. Marekani iliikubali mwaka wa 1989, lakini kwa sharti: hupimwi damu, hupati tembe. Kwa miaka mingi mfamasia hakuruhusiwa kukupa bila matokeo ya maabara. Mwaka wa 2025 FDA iliondoa mfumo huo wa lazima, kwa sababu makaratasi yake yalikuwa yanawanyima wagonjwa dawa. Kupima bado kunashauriwa. Wenzetu wanabishana kama ufuatiliaji ulizidi. Sisi hatujafika hata kwenye huo ubishi.

Nani wa kulaumiwa? Ni rahisi kumrukia yule wa kaunta, na kweli ana lake. Lakini mimi naona kosa kubwa liko juu zaidi. Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako Nairobi. Tembe za kawaida ni za bei nafuu, lakini vipimo ndivyo vinauma mfuko: kipimo cha lithiamu hakifanywi kila maabara, unatumwa ya kibinafsi, unatoa pesa. Ukiwa wa vibarua, hapo ni chakula cha siku kadhaa. Kaunti zikiishiwa dawa moja, unapewa nyingine "inayofanana", na hakuna anayekaa nawe kukueleza tofauti. Serikali ilituhamisha kutoka NHIF hadi SHA Oktoba 2024 na mjadala wote ukawa ni nani amesajiliwa. Mimi nataka kujua jambo dogo zaidi: je, ile damu ya mgonjwa wa lithiamu inalipiwa kila miezi mitatu, au anajitafutia? Mwakilishi wa kaunti yako akija kuomba kura 2027, muulize hilo. Uone atakavyotazama viatu vyake.

Sheria ya 2022 imekupa nguvu fulani, na wengi hatuzitumii. Una haki ya kuelezwa dawa unayopewa na kushiriki katika kupanga matibabu yako. Kwa hivyo dakika zako nne zitumie. Uliza hii inaitwaje, itanifanyia nini, dalili gani ikitokea nirudi mbio, nipime nini na lini, nisichanganye na nini. Andika jina la dawa kwenye simu, na ukienda kununua hata ya kikohozi, ionyeshe kwanza. Kama dawa imekudhuru, ripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa, si lazima daktari. Na ukitaka kuacha, mwambie aliyekuandikia akupunguzie polepole. Tena mwambie mtu mmoja unayeishi naye. Shingo yako ikipinda usiku, awe anajua pa kukupeleka.

Binamu yangu bado yuko kwenye lithiamu na yuko sawa, anafanya kazi, anatukana Arsenal kama kawaida. Daftari lake la kliniki sasa lina karatasi ya pili iliyobanwa kwa stepla, aliichora mwenyewe kwa rula: tarehe, kiwango, figo, tezi. Mara ya mwisho aliiweka mezani kabla hajaulizwa "unaendelea aje". Daktari akaitazama, akamuuliza ni kliniki gani iliyompa hiyo fomu.