Mtori, Mahamri na Ndoa Yangu

Natumaini unaisoma safu hii ukiwa na kikombe mkononi, maana mwezi huu tunaongelea chai. Na nikisema chai unanielewa. Sisi huku hatumuulizi mtu kama amekula asubuhi, tunamuuliza "umeshakunywa chai?" hata kama alichokunywa ni supu ya utumbo.

Mimi binafsi ni mtoto wa Tanga na asubuhi yangu haina siri. Nipe mahamri yenye hiliki na mbaazi za nazi, nimemaliza. Nipe vitumbua vya moto, vile ambavyo mchele umelala kwenye maji usiku kucha ndipo ukasagwa, pembeni vimekauka na katikati laini, nitakusamehe hata deni. Muhogo wa kuchemsha napenda. Uji wa ulezi napenda pia, ukikamuliwa ndimu. Nisichopenda? Mayai ya kuchemsha yaliyopoa. Slesi za hotelini kwenye semina, zile kavu ambazo ukizipaka siagi zinavunjika mkononi. Na supu. Yaani nikipita mgahawani saa 1 asubuhi nikaona watu wameinamia mabakuli ya makongoro, ndimu na pilipili pembeni, chapati mbili, jasho linawatoka kwa raha zao, huwa najiuliza hayo matumbo yameamka saa ngapi.

Mume wangu je? Ungeniuliza mwanzoni mwa mwaka huu ningekujibu bila kufikiri: Baba Junior hali asubuhi. Chai ya rangi kikombe kimoja, anachukua funguo, anaondoka. Miaka 7 ya ndoa ni hivyo hivyo. Nilikuwa hata najisifia kwa mashoga zangu, eti mwenzenu nimepata mume asiye na gharama.

Basi bwana, akaja mama mkwe kutoka Moshi. Alikuja na mkungu wa ndizi mshare kwenye buti la basi, kama vile huku Dar hakuna soko. Jioni ile ile tukiwa jikoni akaniuliza, "Mama Junior, huyu siku hizi anakunywa chai na nini?"

"Mama, huyu hali asubuhi," nikamjibu.

Akaniangalia. Hakusema kitu.

Kesho yake nilipoamka nyumba nzima inanukia nyama na tangawizi. Nikatoka chumbani, nikamkuta Baba Junior mezani anamalizia bakuli la mtori. La pili. Mtu ambaye hali asubuhi! Mama yake kakaa mbele yake anamtazama, na mimi nimesimama mlangoni na kanga yangu, nikajiona mgeni kwenye nyumba ninayoilipia kodi.

Kiukweli nilichukia. Nilijiona nimeumbuliwa mbele ya mkwe. Nikangoja usiku, tulipobaki wawili nikamuuliza, "Kumbe huwa unakula asubuhi?"

"Nakula. Kuna mama anauza mtori karibu na ofisini."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

"Sasa kwa nini usiniambie nikupikie?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si ulishasema."

Nikamwambia sijawahi kusema chochote. Hapo ndipo akanikumbusha mambo mawili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma risiti.

La kwanza, mwaka ule wa harusi yetu tulikuwa kwa dada yangu, ndugu wamejaa, utani umepamba moto. Nikasema mbele ya watu wote, "Nyie Wachagga mnakula ndizi zilizokwishatafunwa." Watu walicheka mpaka machozi. Hata yeye alicheka, nakumbuka vizuri.

La pili ni siku niliyojifungua Junior. Alfajiri yake alikuja hospitali na chupa ya mtori. Alikuwa amemwamsha dada yake usiku wa manane ampikie, akavuka nayo mji mzima. Nikafungua kifuniko, nikasema, "Toa, inanuka." Nikamgawia mama wa kitanda cha jirani, nikamwomba mume wangu akanitafutie chai na maandazi. Akaenda akatafuta. Akaleta.

Mpenzi msomaji, mimi hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Uchovu, maumivu, usingizi, mama yeyote aliyejifungua atanielewa. Lakini kwao mwanamke akijifungua anapewa mtori ili arudishe nguvu, ndiyo namna wanayomtunza mzazi. Ile chupa ilikuwa hongera yake kwangu, nami niliipokea kwa kukunja pua. Tangu siku hiyo hakuwahi kutaja mtori ndani ya nyumba yetu. Akahamishia asubuhi yake kwa mama lishe.

Cha kuchekesha ni kwamba nimesomea mawasiliano. Nimekaa darasani chuo kikuu miaka 3 nikifundishwa jinsi ujumbe unavyotoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji. Ujumbe wangu ulifika siku hiyo hiyo. Mimi ndiye sikujua kuwa nimeutuma.

Jumamosi yake nikamfuata mama mkwe jikoni, nikamwambia, "Mama, nifundishe. Lakini nikuambie ukweli, mimi mtori siupendi."

Akacheka. "Kuupenda si lazima, mwanangu. Ila ukiupika usikunje uso."

Akanifundisha. Kumbe kabla ya kumenya ndizi unapaka mafuta mikononi, la sivyo utomvu unakushika na vidole vinakuwa vyeusi siku mbili. Nyama yenye mifupa inachemshwa na chumvi na tangawizi mpaka ilainike. Ndizi zinaiva na kitunguu, zinapondwa mpaka zinakuwa laini kabisa, halafu unarudishia mchuzi wa nyama kidogo kidogo hadi upate uzito unaoutaka. Nikaonja vijiko viwili. Bado siupendi. Ila safari hii nilisema, "Mimi siupendi, nimezoea nazi," na hakuna aliyenuna.

Siku hizi Jumamosi ni sufuria mbili. Ndizi anamenya yeye, mbaazi natia nazi mimi, Junior anakula kote. Na kwa vile mlango ulishafunguka, mzee naye akatoa lake: mahamri yangu na chai ya sukari ni utamu juu ya utamu, asubuhi vinamletea usingizi. Iliniuma, nisikudanganye. Miaka 7 namwekea mawili kwenye sahani kila Jumapili na anayala yote! Sasa mbaazi zangu anakula na chapati. Anamaliza.

Nimejifunza nini?

Kwanza, neno "sipendi" halina ubaya. Linamhusu anayelisema, limekwisha. Lakini "inanuka", "chakula gani hiki", "nyie mnakulaje hivi vitu" ni maneno yanayokwenda mpaka kwa mama aliyempikia mwenzio akiwa mdogo. Wazee wetu walitukataza kutukana chakula, mimi nilidhani ni kwa ajili ya baraka tu.

Pili, utani wa makabila ni mtamu na tumelelewa nao, lakini mwenzi wako kucheka na wageni si ushahidi kwamba halikumuuma. Mwulize mkiwa wawili.

Tatu, usijivunie mume au mke asiyedai kitu. Pengine alishadai, akajibiwa, akaamua kwenda kutafuta nje. Mimi nashukuru alichokuwa anatafuta nje ni bakuli la mtori.

Nilimwuliza Baba Junior kama bado anapita kwa yule mama wa karibu na ofisini. Akasema anapita, siku za kazi, kwa sababu saa 11 alfajiri hawezi kunipigisha ndizi na mimi nina foleni yangu. Nikamwambia sawa. Lakini siku hizi akirudi jioni namwuliza wa leo ulikuwaje, na ananiambia: leo nyama ilikuwa ngumu, leo ameweka maziwa, leo haufikii wa mama. Ni maongezi madogo tu, ila tulikuwa hatuna.

Sasa nikuulize, mwenzi wako anapenda kunywa chai na nini? Usinijibu mimi. Kesho asubuhi mwulize yeye, halafu linganisha na ulilokuwa unalidhani.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.