Sera ya Intaneti Nayo Ihitaji Uchunguzi Kabla ya Tiba

Saa tatu usiku, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ameketi maktabani akitafuta mwongozo wa uchunguzi wa saratani ya matiti. Kila ukurasa anaoufungua unajibu kwamba maudhui hayo yamezuiwa kwa sababu za kimaadili. Hakuna wa kumuuliza, kwani ofisi ya TEHAMA ilifungwa tangu saa tisa na nusu alasiri. Anatoa simu yake, ananunua bando kwa fedha zake mwenyewe, anasoma. Katika taarifa ya mwezi, kisa chake kitahesabiwa miongoni mwa majaribio ya kufungua tovuti zisizofaa, na kichujio kitasifiwa kwa kuyazuia.

Visa vya namna hii si vigeni katika vyuo vinavyofundisha tiba, na lawama haistahili kumwangukia fundi wa mitambo. Kasoro ipo katika namna sera zenyewe zinavyozaliwa. Rasimu huandikwa na watu wachache, mara nyingi kwa kufuata kielelezo cha taasisi isiyohusika na afya. Idara za kitabibu huletewa waraka mrefu na kutakiwa kutoa maoni ndani ya siku chache, tena wakati wa mitihani. Ukimya wao huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Waraka hupitishwa, na wahadhiri hutambua kuwa sera imeanza kutumika siku wanapokuta milango imefungwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamati isiyo na muuguzi, mkutubi wala mwanafunzi haiwezi kuwajua kunguni wa mtandao wa chuo.

Madhara ya kichujio yanaweza kupimwa, na yamekwisha kupimwa. Mwezi Desemba 2002, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti juu ya programu za kuzuia tovuti za ngono. Zilipowekwa katika kiwango chepesi, programu hizo zilizuia kwa wastani asilimia 1.4 ya tovuti za afya. Zilipowekwa katika kiwango kikali kabisa, zilizuia asilimia 24. Faida yake je? Uwezo wa kuzuia tovuti za ngono uliongezeka kutoka asilimia 87 hadi 91 tu. Kwa lugha ya wodini, dozi iliongezwa, nafuu ikaongezeka kidogo, na madhara yakazidi takriban mara kumi na saba. Programu zimebadilika tangu wakati huo, lakini swali ni lile lile: je, chuo kimewahi kuhesabu ni kurasa ngapi za afya kinazozizuia kila siku?

Inasikitisha zaidi kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 2002 Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na wachapishaji wakubwa, lilianzisha mpango wa HINARI ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Mlango uliofunguliwa Geneva haufai kufungwa tena na kichujio cha chumba cha mitambo.

Ajabu ni kwamba mahali panapohitaji uangalizi mkubwa, sera huwa na sentensi moja tu. Usiku wa manane, daktari tarajali hupiga picha ya eksirei au ya jeraha na kuituma kwa WhatsApp kwa bingwa aliye nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na ni haki ya mgonjwa zisitangatange katika simu za watu. Hata hivyo, sera inayosema "ni marufuku" bila kuonyesha njia nyingine salama humwachia daktari huyo mambo mawili: avunje kanuni, au amwache mgonjwa asubiri hadi asubuhi. Wengi huvunja kanuni, kisha hunyamaza, na kwa kuwa wamenyamaza hakuna anayejua picha hizo zimeishia wapi.

Hofu ya viongozi si ya bure. Intaneti ni ghali, wadukuzi wapo, na wapo wanafunzi wanaotumia mtandao wa chuo kutazama filamu hadi alfajiri. Chuo kina wajibu wa kulinda mali yake. Lakini ulinzi usiopimwa hauna tofauti na kumpa mgonjwa dawa kwa kubahatisha.

Chuo cha tiba kinaijua njia bora, kwa kuwa kinaifundisha kila siku. Hakuna dawa inayoingia wodini bila majaribio. Basi sera nayo ijaribiwe katika idara moja kabla ya kuenea, na kurasa zilizozuiwa kimakosa zihesabiwe na kutangazwa. Awepo mtu wa zamu usiku mwenye mamlaka ya kufungua ukurasa ndani ya dakika chache. Njia salama ya kutumiana picha za wagonjwa itengenezwe kwanza, ndipo katazo lifuate. Na kila mwaka waraka urudi mezani mbele ya wanaoutumia, wauguzi na wanafunzi wakiwemo, kwa maana wao ndio watakaokuwa wodini usiku ofisi zikiwa zimefungwa.