Ombi la viza ni lako, si la ajenti

Kijana, kabla hujampa mtu pasipoti yako pamoja na pesa za mzazi, kumbuka Agosti 2023 hapa Eldoret. Wazazi waliandamana mjini wakidai karo waliyolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada, kupitia mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu ulioanza 2021. Kuna waliouza shamba, waliouza ng'ombe na waliochukua mkopo. Wanafunzi wengine walifika Finland, halafu vyuo vikawaambia karo haijaingia. Wengine mpaka leo hawajaiona hiyo ndege.

Seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana mpango ukianza, alishtakiwa Nakuru pamoja na waliokuwa maafisa wa kaunti kuhusu zaidi ya Sh1.1 bilioni. Walikana mashtaka. Nani ana hatia, hiyo ni kazi ya korti. Lakini kuna somo lisilohitaji kungoja hukumu: wazazi walilipa kwenye akaunti ya wakfu, si ya chuo. Mlolongo ulipokatika katikati, mwanafunzi ndiye aliyebaki ng'ambo bila karo, na kibali chake cha kukaa kule kikawa hatarini, kwa sababu kibali cha mwanafunzi husimama juu ya masomo.

Ndiyo maana tunasema kosa kubwa zaidi si kujaza fomu vibaya. Ni kumwachia mtu mwingine ombi lako lote. Makosa mengine mengi huzaliwa hapo.

Anza na chuo. Ukipata barua ya kukubaliwa, usitosheke na picha uliyotumiwa kwa WhatsApp. Ingia kwa tovuti ya chuo, tafuta anwani yao mwenyewe, uwaandikie uulize kama wanakujua. Mwaka 2023 wanafunzi kutoka India walijikuta katika hatari ya kufukuzwa Kanada baada ya kugundulika kuwa barua walizopewa na ajenti zilikuwa feki. Wengi walisema hawakujua. Tangu Desemba mwaka huo, Kanada inataka chuo chenyewe kithibitishe kila barua. Karo nayo ilipe moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, na risiti ije kwa jina lako.

Pili, pesa za benki. Kuna ule mchezo wa kuazima laki kadhaa, kujaza akaunti siku mbili, kuchapisha taarifa ya benki, kisha kurudisha. Hauendi mbali. Uingereza inataka pesa zikae kwa akaunti siku 28 mfululizo. Kanada, tangu Septemba 2025, inataka mwanafunzi aliye peke yake aonyeshe dola 22,895 za Kanada za kujikimu mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Tena afisa haangalii tu kiasi, anauliza zimetoka wapi. Kwetu pesa nyingi hutoka kwa harambee, Sacco, mahindi au kipande cha shamba. Hakuna aibu hapo. Weka orodha ya waliochanga, barua ya Sacco, risiti ya mahindi, mkataba wa mauzo ya shamba. Pesa isiyo na historia inaonekana kama pesa ya kuazima hata kama ni halali.

Tatu, majina. Hili linatuhusu sana huku. Cheti cha kuzaliwa kinasema Chepkosgei, cha KCSE kinasema Jepkosgei, na pasipoti imeacha jina moja nje. Nyumbani kila mtu anajua ni wewe. Afisa aliye mbali hajui. Linganisha stakabadhi zako sasa hivi, na palipo na tofauti tafuta wakili au afisi husika irekebishwe mapema, si wiki ya mwisho. Vilevile cheti cha tabia njema huchukua muda, na Uingereza inataka Mkenya anayeenda kwa zaidi ya miezi sita apimwe kifua kikuu katika kliniki waliyoiidhinisha.

Nne, ukweli. Ulinyimwa viza mwaka jana? Fomu ikikuuliza, sema, kisha eleza ni nini kimebadilika. Kunyimwa mara moja si mwisho wa safari. Kudanganya kunaweza kuwa mwisho: Kanada inaweza kukufungia miaka mitano, na Uingereza miaka kumi. Na usidhani utajitetea kwamba "ajenti ndiye aliandika". Sahihi ni yako.

Hapo ndipo wengi huangukia hata kwenye mahojiano ya Marekani. Ajenti alijaza DS-160, mwombaji hajawahi kuisoma, halafu dirishani anaulizwa atasoma nini na nani atalipa, anajibu kitu tofauti. Mahojiano yenyewe ni ya dakika chache. Usikariri majibu ya mtu mwingine. Jua kozi yako, jua kwa nini umechagua chuo hicho, jua karo ni ngapi.

Si kila ajenti ni mwizi. Kuna wanaofanya kazi safi, na ukitaka mwongozo walipie, chukua risiti. Lakini barua pepe ya ombi iwe yako na nywila ujue wewe. Soma kila ukurasa kabla haujatumwa, ubaki na nakala. Akikataa, chukua pasipoti yako uende zako. Na akikuahidi viza ya uhakika, hepa mapema: hakuna ajenti anayetoa viza.

Kaunti nazo, na shule zetu, zina kazi yao. Serikali ya kaunti isishike tena karo ya mtoto wa mtu. Badala yake, iweke washauri wa bure wa kuwasomea vijana fomu na kukagua barua za vyuo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na shamba la familia moja.

Jioni hii, fungua simu yako. Kama huwezi kuingia kwa akaunti ya ombi lako mwenyewe, hujui ni nini kimeandikwa kwa jina lako. Anzia hapo.