Bega bandia: Kijana afikiri kwanza

Tumezoea kusikia habari za wazee waliobadilishiwa nyonga au goti. Je, ulijua kwamba hata bega hubadilishwa, na kwamba baadhi ya wanaofanyiwa upasuaji huo ni watu wa miaka thelathini au arubaini, wenye kazi na watoto wa kusomesha?

Bega ni kama mpira uliokaa kwenye kisahani. Mpira ni kichwa cha mfupa wa mkono, na kisahani ni sehemu ya mfupa wa bega. Kati yake pana gegedu, utando laini unaoifanya mifupa iteleze. Gegedu likiisha, mifupa husagana, na mtu hushindwa hata kuchana nywele au kushika chuma cha juu ndani ya basi.

Kwa wazee, aghalabu gegedu huisha kwa uchakavu wa miaka. Kwa vijana sababu huwa nyingine: ajali, bega linaloteguka mara kwa mara, baridi yabisi, au mfupa kufa kwa kukosa damu. Hili la mwisho huwapata baadhi ya wagonjwa wa siko seli, ugonjwa unaofahamika sana Magharibi mwa Kenya na Pwani, na pia watu waliotumia dawa za steroidi kwa wingi au kwa muda mrefu.

Daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika akaweka cha chuma, na kwenye kisahani akabandika plastiki ngumu. Wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu. Zaidi ya mabega tisa kati ya kumi huwa yangali mahali pake baada ya miaka 10.

Kwa mzee wa miaka 75, hiyo ni habari njema. Lakini wa miaka 35 ana miaka mingi mbele yake, na mkono wake haupumziki. Plastiki hulika na kulegea, na hapo hubidi apasuliwe tena. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya wanaume waliobadilishiwa bega wakiwa na miaka 55 hadi 59, mmoja kati ya wanne hukabiliwa na upasuaji wa pili maishani mwake. Kwa wanawake wa miaka 85 na zaidi, ni mmoja tu kati ya 37. Tena kila upasuaji wa kurudia hukuta mfupa umepungua, na kazi huwa ngumu zaidi.

Ajabu ni kwamba bega bandia la kwanza kujulikana katika historia alitiwa mtu ambaye hakuwa mzee. Mwaka 1893 jijini Paris, daktari Jules-Émile Péan alimwekea mwoka mikate wa miaka 37, aliyeugua kifua kikuu cha mifupa, bega la platini na mpira. Baada ya miaka kama miwili lilitolewa kwa sababu ya maambukizi. Vifaa vya leo ni bora mno, lakini swali ni lile lile: litadumu muda gani?

Ndiyo maana madaktari huanza na dawa, mazoezi ya viungo, sindano, au kusafisha bega kupitia matundu madogo. Wakati mwingine hubadilisha kichwa peke yake na kukiacha kisahani, ili mfupa uhifadhiwe kwa siku za usoni.

Kwa hivyo, ukishauriwa kubadilishiwa bega, uliza: Njia nyingine zimejaribiwa? Nitaweza kurudia kazi yangu? Anayebeba magunia au kuchanganya saruji ajue mapema kwamba huenda akalazimika kutafuta kazi nyingine.

Nao wazazi, mtoto akiteguka bega uwanjani, mpelekeni hospitali, msimwachie kila mpita njia amvute mkono. Na steroidi zisimezwe bila idhini ya daktari.

Hatusemi kijana asipasuliwe. Asiyepata usingizi kwa maumivu, na aliyejaribu tiba zote, anastahili nafuu. Tunasema aingie chumba cha upasuaji akijua kwamba huenda akarudi humo tena. Mwenda pole hajikwai.