Nauli ya Mkimbiaji wa Mwisho

Juma hili yafaa tuzungumze habari ya mbio, na hasa habari ya vyama vya mbio ambavyo wanachama wake hushindana siku za Jumamosi na Jumapili. Hapa kwetu Suna jambo hili si geni. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya miwa na mahindi, utawaona vijana wakikimbia kando ya barabara kuu iendayo Isebania, wengine wamevaa viatu vya raba, wengine miguu mitupu. Miongoni mwao mna walimu, wauza duka, waendesha boda boda, wakata miwa na wanafunzi. Hawakimbilii kazini wala hawakimbii askari; wanajitayarisha kwa mashindano ya mwisho wa juma.

Katika kila chama cha namna hii kuna swali moja lisilokosa kuzuka, nalo ndilo huleta manung'uniko kuliko mengine yote. Swali lenyewe ni hili: mashindano yako Kisii, au Homa Bay, au mbali zaidi, fedha za chama zatosha nauli ya watu watatu au wanne, wanachama waliojitayarisha ni kumi. Nani aende, na nani abaki?

Wengi hujibu upesi, bila kufikiri sana: “Waende wale wanaoshinda. Ya nini kumlipia nauli mtu atakayefika wakati watu wamekwisha kunywa chai?” Jibu hili lina sura ya busara, maana fedha ni haba, nayo imetoka katika mifuko ya watu wasio na mali nyingi. Hata hivyo nataka kuonyesha ya kuwa jibu hili ni la hasara, na kwamba chama kinacholifuata hujikata mguu chenyewe.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Katika mbio za nyika, yaani zile za kukimbia mashambani, vilimani na matopeni, chama hakishindi kwa sababu mtu wake mmoja ametangulia. Kila mkimbiaji hupewa alama kwa nafasi yake: wa kwanza hupata 1, wa kumi hupata 10, wa thelathini hupata 30. Kisha alama za wakimbiaji wanaohesabiwa hujumlishwa, na chama chenye jumla ndogo kabisa ndicho mshindi. Zamani katika mashindano makubwa ya dunia walihesabiwa watu sita. Siku hizi wanahesabiwa wanne.

Sasa tutwae mfano. Chama kimoja kina vijana watatu hodari sana, nao wanashika nafasi ya 1, ya 2 na ya 3. Lakini wa nne wao alichukuliwa dakika ya mwisho ili kujaza pengo, hakufanya mazoezi, akafika wa 30. Jumla yao ni 36. Chama cha pili hakina hata mtu mmoja katika wanne wa kwanza, lakini watu wake wamezoea kukimbia pamoja, nao wanafika wa 5, wa 7, wa 9 na wa 12. Jumla yao ni 33. Kikombe kinakwenda kwa chama cha pili, na wale watatu hodari wanarudi nyumbani wakishangaa. Ni nani aliyewanyang'anya kikombe? Si wapinzani wao. Ni yule wa nne ambaye hawakumtunza.

Pengine mtu atasema kuwa hiyo ni hesabu ya darasani tu. Basi na atazame habari za Kenya yenyewe. Tangu mwaka 1986, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Neuchâtel katika nchi ya Uswisi, hata mwaka 2003, timu ya wanaume ya Kenya ilishinda kila mwaka katika mbio ndefu, miaka 18 mfululizo. Wengi wakisikia hayo hukumbuka jina la John Ngugi, aliyekuwa bingwa mara tano, au la Paul Tergat, aliyekuwa bingwa mara tano mfululizo, tangu 1995 hata 1999. Wana haki kuwakumbuka. Lakini tafadhali mtazame jambo moja ambalo halisemwi sana. Mwaka 1990 na 1991 mtu wa kwanza alikuwa Khalid Skah wa Moroko. Mwaka 2000 na 2001 alikuwa Mohammed Mourhit wa Ubelgiji. Mwaka 2002 na 2003 alikuwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Katika miaka hiyo sita Kenya haikutoa mtu wa kwanza, na bado ilishinda. Ilishindaje? Ilishinda kwa watu waliofika nyuma ya mshindi, bega kwa bega, ambao majina yao wengi wetu hatuwezi kuyataja. Mzigo huwa mwepesi mabegani mwa wengi.

Tena iko sababu ya pili, nayo yahusu siku zijazo. Mtu hatambulikani atakuwa nani kwa mbio za Jumamosi moja. Hapa sina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa kuwa majirani zetu wa Kisii, ambao twakutana nao sokoni kila juma, wametupa mifano ya kutosha.

Mwezi wa Julai mwaka 1954 wakimbiaji wawili wa Kenya walishindana katika kiwanja cha White City, London. Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Lazaro Chepkwony, katika mbio za maili 6. Alikimbia kwa ushujaa, mara akienda kasi, mara akipunguza, hata Waingereza wakastaajabu. Lakini aliumia mguu akatoka kabla ya mwisho. Lau hukumu ingalitolewa jioni ile, watu wangalisema kuwa nauli ya Waafrika hawa imepotea bure. Kesho yake akaingia Nyandika Maiyoro wa Kisii katika mbio za maili 3. Mbele yake Fred Green na Chris Chataway walivunja rekodi ya dunia kwa pamoja, kila mmoja kwa dakika 13 na sekunde 32.2, naye Nyandika akawa wa tatu. Mwaka huo huo alikuwa wa nne katika Michezo ya Dola ya Uingereza huko Vancouver. Mwaka 1956, Kenya ilipoingia Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Melbourne, alikuwa wa 7 katika mita 5,000. Mwaka 1960 huko Roma alikuwa wa 6. Bwana huyu hakupata nishani ya Olimpiki maisha yake yote. Je, tungalimnyima nauli?

Wa pili ni Naftali Temu, naye pia mtu wa Kisii. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo, akakimbia maratoni, akawa wa 49. Arobaini na tisa, wasomaji! Katika vyama vyetu mtu wa 49 huambiwa arudi shambani akalime. Lakini miaka miwili baadaye, huko Kingston, Jamaika, Temu alimshinda Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi nyingi za dunia, akatwaa nishani ya dhahabu ya maili 6. Na tarehe 13 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, alishinda mita 10,000, akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Kutoka nafasi ya 49 hata nafasi ya kwanza ilikuwa miaka minne tu. Atakayesema kwamba anaweza kumtambua bingwa kwa kumtazama mara moja, na amtafakari Temu.

Wako vijana wetu wasemao kwamba mbio ni za watu wa nchi za juu, na kwamba sisi wa Suna, tulio chini karibu na ziwa, tumeumbiwa mpira. Neno hili ni la uvivu. Seraphino Antao alitoka Mombasa, mahali palipo sawa na bahari, naye mwaka 1962 huko Perth alishinda yadi 100 na yadi 220. Wala wasichana wasiachwe nyuma. Hellen Obiri na Mary Moraa, wote wawili wa upande wa Kisii, wamekuwa mabingwa wa dunia, wa kwanza katika mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, wa pili katika mita 800 mwaka 2023. Chama kinachohesabu nauli za wavulana tu kimekwisha kujipunguzia nusu ya bahati yake.

Sababu ya tatu ni kwamba mtu hodari hawi hodari peke yake. Roger Bannister, aliyekuwa wa kwanza duniani kukimbia maili moja chini ya dakika 4, tarehe 6 Mei 1954 huko Oxford, alivutwa na wenzake wawili. Chris Brasher alitangulia mwanzo, kisha akashika mbele yule yule Chris Chataway ambaye miezi miwili baadaye alishindana na Nyandika wetu. Wawili hao walifika nyuma siku ile, lakini bila wao sijui kama saa ingalisema dakika 3 na sekunde 59.4. Vivyo hivyo kijana wenu aliye wa kwanza Jumamosi ana mtu aliyemwamsha saa kumi na moja Jumanne, akamvuta katika kilima Alhamisi. Mkimwacha mwenzake huyo nyumbani kila juma, siku moja ataacha kuamka, na bingwa wenu atakimbia peke yake gizani hata naye achoke.

Sasa natazama upande wa pili, maana kosa si la wanaogawa fedha tu. Wako wanachama wachache, na kwa kawaida ndio wenye mbio zaidi, ambao huhudhuria mashindano yenye zawadi peke yake. Jumamosi huyu yuko mahali pamoja, Jumapili yuko kwingine, Jumatatu anachechemea. Mazoezi ya chama hayajui, ada halipi, lakini siku ya nauli yuko mbele ya wote. Mazoea haya yaumiza chama na kumwumiza mwenyewe. Walimu wa zamani wa mbio walikuwa na kanuni nyepesi: kwa kila maili moja uliyoshindana kwa nguvu, pumzika siku moja kabla ya kushindana tena. Mtu aliyekimbia maili 6 Jumamosi akarudia Jumapili, akakopa nguvu ambazo mwili hauna, atalipa deni hilo kwa goti au kifundo cha mguu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi tufanye nini? Mimi ni karani, na ugonjwa wa makarani ni kupenda daftari. Lakini katika jambo hili naona daftari ndiyo dawa.

Kwanza, kila chama kiwe na daftari la mazoezi, na jina la kila aliyehudhuria liandikwe kila siku. Nauli igawanywe kwa mahudhurio kabla ya kugawanywa kwa mbio. Aliyekuja mazoezini mwezi mzima asipitwe na aliyetokea jana.

Pili, nafasi moja katika safari iwekwe kwa zamu, kwa ajili ya mtu asiyetazamiwa kushinda. Nauli hiyo iwe kama mbegu: mkulima mwenye njaa huweza kula mbegu zote, lakini mwaka ujao atapanda nini?

Tatu, mashindano yachaguliwe. Si lazima kwenda kila mahali panapopigwa filimbi. Safari mbili za karibu, ambazo watu wanane wamekwenda, zajenga chama kuliko safari moja ya mbali ya watu wawili.

Nne, mweka hazina asome hesabu mbele ya wanachama wote kila mwezi, ada iliyoingia na nauli iliyotoka, hata ikiwa ni kidogo. Fedha isiyosomwa huzaa maneno, na maneno huvunja vyama upesi kuliko kushindwa.

Tano, muda wa kila mtu uandikwe, wa kwanza na wa mwisho. Kijana aliyefika wa 40 akajua kwamba amepunguza dakika mbili tangu mashindano yaliyopita, huyo ameshinda jambo, na yafaa aambiwe hivyo mbele ya wenzake.

Haya yote hayahitaji msaada wa serikali wala tajiri wa mjini. Yahitaji kalamu, daftari, na watu wenye haki. Jumamosi ijayo, mnapokusanyika kituoni alfajiri kungoja matatu ya Kisii, na fedha imehesabiwa ikaonekana haitoshi, enyi viongozi wa vyama, msitazame tu ni nani aliyekuwa wa kwanza safari iliyopita. Tazameni pia yule aliyesimama nyuma ya wote, amevaa viatu vilivyoshonwa mara mbili, ambaye hakukosa mazoezi hata siku moja. Mpandisheni naye garini.