Glavu si pambo: chagua ile inayofaa kazi yako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pamoja naye nyumbani,

Wazee walisema: mkono mtupu haulambwi. Mkono wa mfanyakazi ndio unaoleta unga, nguo na karo ya watoto. Basi leo tuzungumze juu ya kitu kinacholinda mkono huo: glavu, au magan kama wengi wetu tunavyoziita.

Siku hizi vijana wengi wanapenda glavu za kiaskari zinazouzwa sokoni. Ni nyeusi, zina vipande vigumu juu ya vifundo vya vidole, na mtu akizivaa anaonekana shujaa. Hatusemi kwamba zote ni mbaya. Jiwe likigonga mgongo wa mkono, kile kipande kigumu kinaweza kusaidia. Lakini askari na mchimbaji hawafanyi kazi moja. Wewe unashika kamba za chuma, mabati na mawe yenye makali, na vitu hivyo vinakula kiganja. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa yako, geuza glavu uangalie upande wa ndani. Kiganja kikiwa ni kitambaa chepesi na mshono mmoja tu, umenunua pambo.

Tena usiamini macho peke yake. Glavu nyingi zilizopimwa kwa sheria za Ulaya zina alama ya nyundo, na chini yake namba nne. Namba ya kwanza inaonyesha jinsi glavu inavyovumilia kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kupasuliwa, ya nne kuchomwa na kitu chenye ncha. Namba ikiwa kubwa, ulinzi ni mkubwa. Baadaye inaweza kufuata herufi, toka A mpaka F, ya kipimo kingine cha kukatwa: F ndiyo yenye nguvu kupita zote. Ukiona P mwishoni, glavu imepimwa pia kwa kugongwa. Ukiona X, maana yake kitu hicho hakikupimwa. Mfundishe mwenzako asiyejua kusoma alama hizi.

Sasa tuseme jambo kubwa la leo: hakuna glavu moja inayofaa kazi zote.

Kwa kubeba mawe, mbao na vyuma, ngozi nene ya ng'ombe inafaa. Kwa kuchomea vyuma, vaa glavu ndefu za ngozi zinazofunika mpaka juu ya kifundo cha mkono. Zile za nailoni zinayeyuka na kushikamana na ngozi yako. Kwa kazi yenye mafuta na grisi, mpira wa kawaida unaharibika upesi. Nitrili inavumilia zaidi.

Ninyi mnaofanya kazi penye asidi, kama katika viwanda vya Shituru kule Likasi au Luilu kule Kolwezi, sikieni vizuri. Glavu ya ngozi inakunywa asidi na kuishika juu ya mkono wako. Hapo si kinga tena, ni adui. Tafuta alama ya chupa ya maabara, kisha soma herufi zilizo chini yake. Herufi L inaonyesha kwamba glavu ilipimwa kwa asidi ya sulfuriki ya nguvu ya 96 kwa mia. Asidi ikiingia ndani ya glavu, usingoje kumaliza kazi: ivue, mwagia mkono maji mengi papo hapo, na uende kwa mganga.

Wafanyakazi wa umeme wana glavu zao za mpira, zenye madaraja. Daraja 00 ni mwisho volti 500, daraja 0 ni volti 1000, daraja 1 ni volti 7500. Kabla ya kila kazi jaza hewa ndani, uikunje na kuibana, usikilize kama inatoka. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuua mtu. Juu yake vaa glavu ya ngozi ili mpira usichomwe.

Na kuna mahali ambapo glavu haitakiwi kabisa. Mbele ya mashini inayozunguka, kama ya kutobolea chuma au ya kuchongea, glavu ikishikwa inavuta kidole, na kidole kinavuta mkono. Hapo kinga yako ni kizuizi cha mashini, na kuisimamisha kabla ya kuigusa.

Tazama pia kipimo cha mkono. Glavu kubwa inateleza na kunaswa. Ndogo inachosha vidole, na mwisho utaivua na kuitia mfukoni. Glavu iliyo mfukoni haijamlinda mtu hata mmoja.

Namna ya kuitunza si ngumu:

1. Glavu ya ngozi ikungʼute vumbi kila jioni. Ikilowa, ianike kivulini penye upepo. Ukiiweka karibu na tanuru itakauka kama ubao na kupasuka.

2. Glavu ya mpira ioshe kwa maji na sabuni kabla ya kuivua, ili uchafu usiguse mikono yako. Usiioshe kwa petroli. Iweke mbali na jua.

3. Usivae glavu iliyo na uchafu ndani. Vumbi la kobalti linaweza kuleta upele na mwasho mkali juu ya ngozi, na mtu akiisha kupata ugonjwa huo, mwili hausahau upesi.

4. Kila asubuhi angalia mishono, ncha za vidole na kiganja. Ikiwa imetoboka, irudishe.

Hapa tunataka kusema na wakubwa wa kazi na wenye kulinda magazini. Mara nyingi mfanyakazi anajibiwa: «Tarehe yako ya kupewa glavu haijafika.» Lakini chuma hakijui tarehe. Mtu wa kamba za chuma anaweza kumaliza glavu kabla mwingine hajachafua zake. Maoni yetu ni haya: glavu ibadilishwe inapochoka, si wakati kalenda inapotaka. Wengine watasema kwamba watu watauza mpya sokoni. Dawa yake ni nyepesi: leta ya zamani, upewe mpya. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Glavu moja ina bei ndogo kuliko kitanda cha hospitali, na kidole kilichokatika hakiko katika magazini yoyote. Mkikataliwa, pelekeni shauri katika kamati ya usalama na usafi ya mahali penu pa kazi.

Lakini na sisi wafanyakazi tuwe wa kweli. Yule anayeuza glavu zake mpya, kisha anashika chuma kwa mikono mitupu, amejiuza mwenyewe.

Na wewe mama, usikubali glavu ya asidi au ya vumbi la madini iingie nyumbani. Isioshwe katika beseni la vyombo, wala watoto wasiifanye mchezo. Mahali pake ni kazini. Bwana akirudi na mikono yenye mikwaruzo kila siku, muulize: «Glavu zako ziko wapi?» Swali hilo lina nguvu kuliko mabango mengi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kesho asubuhi, kabla ya kushika chombo chochote, fungua glavu zako na uzitazame vizuri. Zikiwa zimekwisha, nenda ukadai nyingine bila haya.